Baridi ya Nyumbani kwa Fundi Joto

Urho Kangas alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani mwake, ugonjwa wa kujua. Kwa miaka thelathini na minane aliingia nyumba za watu wa Hancock, mji wetu wa kaskazini kwenye theluji, kutengeneza maboila, mitambo ya kupashia nyumba joto, na hakuna chumba cha chini mjini pale ambacho hakukijua kwa harufu. Alikuwa akifika anasimama mlangoni, buti zinadondosha theluji, ananusa mara moja, na kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo anamwambia, "Pampu yako imekufa." Wakienda kuitazama, kweli imekufa. Sasa mtu aliyesifiwa hivyo miaka thelathini na minane, wee, nani atamwambia kitu? Hata alipostaafu watu waliendelea kumwita Fundi, na yeye aliendelea kuitika.

Kwetu huku mwanamume hapimwi kwa gari lake. Anapimwa kwa tarehe aliyowasha boila. Septemba baridi inaanza kuuma, Oktoba madirisha yanashika ukungu wa barafu, na hakuna anayewasha. Kila Jumapili baada ya ibada tunashuka ukumbini chini ya kanisa, tunanywa kahawa na mkate wa iliki, na swali ni lile lile.

"Umewasha?"

"Bado."

"Hata mimi bado!"

Wanasema hivyo huku wamevaa sweta mbili mbili, pua nyekundu. Atakayekiri kwamba amewasha mapema atataniwa mpaka Krismasi. Bingwa wa miaka yote alikuwa Waino Pelto, mzee aliyekuwa dereva wa magari ya magogo, mwenye mdomo mpana na roho nyepesi. Ile Fundi alikuwa haiwezi. Yeye, mwenye joto la mji mzima mkononi mwake, ashindwe na dereva wa magogo?

Vuli ya mwaka tisini na nne akaapa kwamba safari hii Waino atamtambua. Akatazama nani anayemwangusha kila mwaka, akamwona yuko nyumbani kwake mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake. Alikuwa ni Helmi, mkewe.

Themostati yao ilikuwa ile ya zamani ya duara, kisahani cha ukutani kinachoiamuru boila iwake au izime, na ilikuwa sebuleni, mkono mmoja tu kutoka kiti cha Helmi. Urho akitoka kwenda kununua misumari, akirudi anakuta kisahani kimezungushwa juu.

"Nani kagusa hapa?"

"Paka," anajibu Helmi, macho kwenye kitambaa chake.

Hawakuwa na paka.

Basi Oktoba Urho akaihamisha. Akaipeleka kwenye ukuta wa korido, kando ya mlango wa ngazi za kushukia chumba cha boila, mahali ambapo hakuna kiti wala sababu ya mtu kukaa. Akatoboa ukuta, akapitisha zile nyaya mbili, akakaza kibati kwa skrubu, akakifunika kwa mfuniko wake wenye sindano ndogo ya kuonyesha joto. Alifanya haraka kwa sababu ilikuwa Jumamosi na sauna, chumba chake cha kuogea mvuke, ilikuwa tayari inapata moto. Nusu saa tu, huku anapiga mluzi. Boila akaiwasha tarehe tisa Novemba, siku moja baada ya Waino. Jumapili ile walimpigia makofi ukumbini, na alirudi nyumbani amevimba kichwa.

Kisha baridi yenyewe ikaja, theluji ikafika kwenye vizingiti vya madirisha, na Helmi akaanza kulalamika.

Ilianzia vidoleni. Helmi alikuwa mfumaji. Katika chumba cha nyuma alikuwa na kitanda cha mfumi, kile cha mbao cha kufumia, ambacho baba yake alikichonga kwa mti mgumu, na mama yake akakifumia maisha yake yote. Helmi alichana nguo kuukuu kuwa vipande vyembamba, akavifuma kuwa mazulia. Ukiingia jikoni kwa nusu ya watu wa Hancock, umesimama juu ya suruali za Urho Kangas. Lakini Desemba ile vidole vilikuwa vinakakamaa. Nyuzi zinamponyoka, anafuma mstari, anafumua.

"Urho, nyumba hii ina baridi."

"Twende tukaone."

Alimshika mkono, taratibu kabisa, kama anampeleka mtoto shule, akamfikisha koridoni mbele ya ile sindano.

"Haya, soma."

"Sitini na nane."

"Sitini na nane ni baridi?"

Sitini na nane kwa vipimo vya kwetu vya Farenhaiti ni joto la kukaa na shati.

"Si baridi," akasema Helmi.

"Basi?"

"Basi ni mimi."

Wakafanya hivyo leo, wakafanya kesho, mpaka ikawa hahitaji tena kupelekwa. Akitetemeka anajisemea mwenyewe, "Ni mimi," anakwenda kuvaa koti. Alikula na koti, akasikiliza redio na koti. Je, Urho mwenyewe hakuhisi kibaridi? Alihisi. Alivaa fulana ya pili ndani akajiambia ni uzee, akatoka kwenda kuzoa theluji uani, akirudi damu inachemka hahisi kitu.

Daktari akampima Helmi damu. Akasema imepungua kidogo, si jambo kubwa, akampa vidonge vya madini ya chuma vya kumeza kila asubuhi. Kidogo ile ya daktari kwa Helmi haikuwa kidogo. Mama yake alianza hivi hivi, mikono ikafa ganzi, ikakakamaa, na miaka minne ya mwisho alilishwa kwa kijiko. Na aliyemlisha ni Helmi.

"Mama alikuwa na sabini," alimwambia Urho siku moja, anajitazama viganja. "Mimi nina sitini na tisa."

"Usianze," alisema Urho.

Alimwonea huruma, hilo tusimnyime. Lakini mdomo wa mtu aliyezoea kusifiwa haukai bila kazi. Jumapili moja ukumbini, Waino alipomuuliza habari za nyumbani, Urho akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Bwana, mimi nimetengeneza boila za mji mzima, halafu nyumbani nimeoa friji!" Watu wakashika mbavu. Helmi naye alicheka, mikono ameificha kwenye mikono ya sweta.

Januari akaacha kufuma. Alikaa wiki tatu bila kuingia chumba kile, kisha akaingia, akafungua nyuzi zote moja moja, akazikunja. Akampigia simu Kirsti, mwalimu kijana wa mji jirani wa Calumet aliyekuwa akija kujifunza kufuma kwake, akamwambia njoo Alhamisi na pikapu ya mumeo, kitanda ni chako.

"Bora kiende kwa mwenye vidole," alimwambia Urho. Hakulia. Urho akampapasa mgongo, wakanywa kahawa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Helmi akaenda kanisani kuoka mikate na wenzake, Urho akabaki peke yake. Saa sita alitaka kula. Akakata mkate, akachukua siagi iliyokuwa mezani tangu jana, akaichota kwa kisu. Siagi haikukubali. Akakaza mkono, kisu kikateleza, mkate ukachanika vipande viwili.

Urho akaitazama ile siagi.

Siagi haina damu pungufu. Haina mama aliyekufa ganzi, haina miaka sitini na tisa. Siagi iliyolala mezani katika joto la sitini na nane inapakika hata kwa kidole, na hakuna binadamu aliyejua hivyo kuliko yeye. Akakiweka kisu chini.

Mfuko wake wa kazi ulikuwa nyuma ya mlango. Ndani yake kulikuwa na kipimajoto kizuri cha kazi, kwenye ala yake ya ngozi, na kilikuwa pale Novemba yote, Desemba yote, Januari yote. Alikitoa akakiweka juu ya meza ya jikoni, akakaa akakingoja. Hamsini na nane. Akakipeleka chumba cha nyuma akakiweka kwenye benchi la kitanda cha mfumi, mahali anapokaa Helmi. Hamsini na nne.

Akaenda koridoni. Sindano ya ukutani ilisema sitini na nane.

Akavua mfuniko. Akapuliza vumbi. Akatazama kile kichupa kidogo cha zebaki kinachoinama huku na huku, zebaki ikateleza vizuri kabisa. Akaweka pimamaji juu ya kibati, kimekaa sawa. Nyaya safi, skrubu zimekaza. Alikuwa anatafuta kitu kilichovunjika, anakiomba kabisa moyoni kiwe kimevunjika, kwa kuwa kitu kikivunjika chenyewe hakuna wa kulaumiwa. Hakuna kilichovunjika. Ndipo akasogeza uso karibu asome namba ndogo za ndani, akasikia shavuni pumzi ya moto.

Ilitoka kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe.

Hewa ya chumba cha boila ilikuwa inapanda ndani ya ukuta, inatokea pale kwenye tundu la nyaya, inaipulizia themostati mgongoni usiku na mchana. Themostati ikipata joto inadhani nyumba nzima ina joto, inaizima boila. Sindano ya mfunikoni nayo inapashwa na pumzi ile ile. Nyumba yote inaganda, na pale ukutani, inchi tatu tu, ni majira ya joto.

Kuziba tundu! Jamani, kuziba tundu ndilo somo la siku ya kwanza. Kila kijana aliyepita mikononi mwa Urho alifundishwa hilo kabla hajafundishwa kushika bisibisi: ukipitisha nyaya, ziba tundu. Tena alikuwa na kisa chake cha fundi mmoja wa ng'ambo ya daraja aliyesahau kuziba, alikisimulia kila mwaka ukumbini, anamwigiza yule fundi anavyokuna kichwa, na watu wanalia kwa kucheka.

Akakaa kwenye ngazi za chumba cha chini. Uso ulikuwa unamwaka. Alimwona Helmi na koti lake mezani, akamsikia akisoma sitini na nane kwa sauti ya mwanafunzi. Akaikumbuka ile ya friji, akafunika uso kwa viganja ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona.

Kisha akainuka, akachukua pamba na lakiri ya madirisha, akaziba. Dakika mbili. Akarudisha mfuniko, na haikupita muda kile kichupa kikainama, boila ikanguruma chini, na safari hii haikunyamaza. Mabomba yakaanza kugonga nyumba nzima. Urho akazoa makombo ya mkate, akaosha kisu, akaketi kumngoja mkewe amwambie yote.

Helmi aliingia saa tisa na harufu ya iliki. Alivua koti la nje, akavaa la ndani, akaanza kumenya viazi. Baada ya muda akavua la ndani. Akasimama katikati ya jikoni anakunja na kukunjua vidole.

"Urho! Njoo uone. Njoo uone vidole vyangu!"

"Vina nini?"

"Vinakunjika! Havinichomi!" Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Ni vidonge. Daktari alisema vitachukua wiki kadhaa, si unakumbuka? Mungu wangu, ni vidonge."

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo aliufungua. Lakini alimwona alivyofurahi, na nyuma ya furaha ile akauona ukumbi mzima, Waino mbele, na kile kisa chake mwenyewe kinasimuliwa na yeye ndiye mwenye kukuna kichwa.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana, mama."

Jumatano Helmi aliimba akiosha vyombo. Alimpigia dada yake simu akamsifia daktari. Halafu akaja akasimama mbele ya Urho, aliyekuwa nyuma ya gazeti.

"Unaonaje, nimpigie Kirsti nimwambie asubiri kwanza? Labda nisiharakishe."

Nafasi ya pili hiyo, imeletwa mpaka kitini. Alichotakiwa kusema ni ndiyo, mpigie. Lakini Helmi angeuliza una uhakika gani, na uhakika wenyewe ulikuwa nyuma ya themostati. Urho akageuza ukurasa.

"Umeshamwahidi mtoto wa watu."

"Kweli," akasema Helmi pole pole. "Nimeshamwahidi. Na hii inaweza kuwa nafuu ya siku mbili tu."

"Inaweza."

Akaendelea kusoma, hakusoma kitu.

Alhamisi pikapu ikaja. Kitanda kilifunguliwa kikawa nguzo na mihimili, na kwa kuwa mume wa Kirsti alikuwa peke yake, Urho ndiye aliyeshika upande wa pili. Alitembea kinyumenyume kwenye ngazi zenye barafu, kifua kimebanwa na mti uliong'arishwa na viganja vya wanawake wawili. Helmi alishika mlango. "Pole pole na nguzo hiyo," alisema, "ina ufa wa zamani." Hakuwa na koti. Walipoondoka aliingia chumba cha nyuma na ufagio, akakaa humo muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

Ijumaa Urho hakula. Jumamosi kwenye sauna alikaa benchi la chini, peke yake, mpaka mawe yakapoa.

Jumapili, kahawa ikiwa imeshamiminwa, Mchungaji Lund aliuliza kama kuna mwenye neno la shukrani. Helmi akainuka. Si mwanamke wa kuinuka yule. Katika miaka arobaini hatukuwahi kumsikia akisema ukumbini zaidi ya kuuliza nani anataka sukari.

"Nilikuwa ninaiaga mikono yangu," alisema. "Mliniombea, nawashukuru. Sasa imerudi. Na ninamshukuru Urho. Mwanamume mwingine angechoka. Kila nilipolalamika baridi alinishika mkono akanipeleka kwenye sindano nione mwenyewe, wala hakunikasirikia hata siku moja."

Watu wakapiga makofi, wakamgeukia Urho na nyuso za upole. Makofi yale yalimchapa kuliko fimbo. Alijiona uchi wa mnyama, pale katikati ya mikate. Akasimama, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Acheni," akasema. "Acheni kunipigia makofi. Haikuwa damu yake. Nyumba ilikuwa na baridi."

Akajinyoshea kidole.

"Nilihamisha themostati Oktoba nikasahau kuziba tundu. Mimi. Inapulizwa na boila tangu Novemba. Sindano inasema sitini na nane, jikoni hamsini na nane."

Waino Pelto akaangusha kijiko.

"Tundu?" akasema. "Fundi! Lile tundu?"

"Lile lile."

"Lo, salaale!" Waino akapiga meza, vikombe vikaruka. "Mnamsikia? Huyu aliyetuchekesha na yule bwana wa ng'ambo miaka ishirini! Fundi, jikune kichwa tukuone!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, Mchungaji akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Na jambo la ajabu, Urho alihisi kifua kinafunguka. Kicheko alichokikimbia siku zote zile ndicho hiki? Hiki kinavumilika. Akainua mkono akajikuna kichwa kidogo, wakazidi kuvunjika mbavu, naye akaanza kutabasamu. Akamtazama mkewe ili acheke naye.

Helmi hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa wima, vidole vyake vyenye joto vimelala mezani.

"Umejua lini?" aliuliza.

Hakuuliza kwa sauti, lakini waliokuwa karibu walinyamaza, na wa mbali wakanyamaza kwa kuwaona wa karibu.

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema asubuhi hii, na nani angejua?

"Jumanne."

Helmi akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu mistari ya zulia.

"Jumatano nilikuuliza kama nimpigie Kirsti."

"Uliniuliza."

"Alhamisi wewe ndiye uliyeshika upande wa pili."

"Nilishika."

Waino aliinamia kahawa yake. Mahali fulani nyuma mtoto aliuliza kitu, mama yake akamziba mdomo.

"Na leo asubuhi," Helmi akasema, "nimemeza kidonge. Maji umeniletea wewe. Ukasimama pale na glasi, ukaningoja nimeze."

Kiti cha Urho kilikuwa bado kimelala sakafuni nyuma yake, na katika watu wote wale hakuna aliyeinama kumwinulia.